Jina Boazi: maana yake, asili yake na maswali ninayoulizwa kila mara

Mwanangu wa kwanza anaitwa Boazi, kwa hiyo mwaka wa tisa huu mimi ni Mama Boazi. Akina Baraka, Emanueli na Ibrahimu hakuna anayewauliza kitu. Boazi anaulizwa. Nimeulizwa kliniki, nimeulizwa na fundi cherehani aliyekuwa akidarizi jina kwenye sweta ya shule, nimeulizwa na wajawazito wanaotafuta jina na mashemeji wanaotaka kujua kama kuna neno baya limejificha ndani yake. Maswali ni yaleyale. Majibu yangu ndiyo yanazidi kurefuka, maana kila nikichimba napata kitu.

Boazi maana yake nini?

Jibu la haraka: "nguvu imo ndani yake."

Kwa Kiebrania jina hili lina herufi tatu tu: bet, ayin na zayin. Wanaolifafanua hivyo wanaligawa mara mbili: *bo*, yaani "ndani yake", na *az* au *oz*, yaani nguvu. Wengine wanasoma *be-oz*, "kwa nguvu". Wapo pia wataalamu wa lugha wanaolihusisha na mzizi wa zamani wenye maana ya wepesi na kasi, kwa kulinganisha na neno la Kiarabu linalofanana nalo. Hawajakubaliana mpaka leo, na mtu akikuambia maana ni moja tu iliyothibitishwa, anakuuzia uhakika ambao haupo.

Mimi nimeshika "nguvu", na sababu yangu ni hii. Wayahudi walipotafsiri maandiko yao kwa Kigiriki kabla ya Kristo, walifika kwenye 2 Nyakati 3:17, ambapo Boazi ni jina la nguzo ya hekalu. Badala ya kuliandika kama linavyosikika, walilitafsiri. Waliandika *iskhus*. Kwa Kigiriki hilo ni neno la kawaida kabisa la nguvu. Watu walioishi karibu na lugha hiyo kuliko sisi sote walisikia nguvu ndani ya jina.

Je, lina uhusiano wowote na Kiswahili?

Lina, na hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote.

Kiebrania na Kiarabu ni ndugu. *Oz* ya Kiebrania na *izz* ya Kiarabu zimetoka kwenye mzizi mmoja wa ain na za, mzizi wa nguvu na utukufu. Kiswahili kilichukua *izz* kutoka kwa Waarabu kikaifanya "ezi" na "enzi". Sasa sema polepole: Mwenyezi. Mwenye ezi. Kila unapotaja Mwenyezi Mungu, unatamka ndugu wa neno linalosikika mwishoni mwa jina la mwanangu. Azizi naye yumo humohumo. Ndani ya Biblia wamo pia mfalme Uzia na yule Uzieli wa kabila la Lawi, ambao majina yao yanamtaja Mungu kuwa nguvu ya mtu.

Mama mkwe wangu, ambaye wiki ya kwanza alikuwa akimwita mjukuu wake "huyo Bwazi wenu", nilimweleza hili tukiwa tunachambua mchele. Akasimamisha ungo. "Kumbe ni enzi?" Akalirudia mara mbili tatu mdomoni mwake. Tangu siku hiyo ni Boazi, silabi zote tatu.

Boazi wa kwenye Biblia ni nani?

Ni mkulima wa Bethlehemu katika kitabu cha Ruthu, kitabu cha sura nne ambacho unaweza kukimaliza huku maharage yanachemka. Kwenye Biblia nzima ni mtu mmoja tu anayeitwa hivyo. Akina Azaria ni wengi, akina Zekaria ni wengi zaidi. Boazi ni yeye peke yake.

Kisa kwa ufupi: Naomi amerudi kutoka Moabu akiwa amefiwa na mume na wana wawili. Mkwewe Ruthu, naye mjane, tena Mmoabu, amekataa kumwacha. Hawana kitu. Ruthu anatoka kwenda kuokota masazo nyuma ya wavunaji wa shayiri, na shamba analoangukia ni la Boazi, jamaa ya marehemu mume wa Naomi.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu watu wanapita haraka kwenda kwenye harusi. Sheria ya Musa, katika Walawi 19 na Kumbukumbu la Torati 24, ilimkataza mkulima kuvuna mpaka pembeni kabisa mwa shamba, na ikamkataza kurudi kuchukua mganda aliousahau. Hayo yaliachwa kwa ajili ya maskini, mgeni, yatima na mjane. Aliyeona watu wakiokoteza mpunga baada ya mavuno anajua kazi hiyo ilivyo: umeinama toka asubuhi, kanga imefungwa kiunoni, mabua yaliyokatwa yanachoma miguu, suke moja hapa, suke moja hatua tano mbele, na jioni huna hata nusu debe. Unajua pia kwamba si kila mwenye shamba anapenda kukuona.

Boazi anafika shambani, anawasalimu wafanyakazi wake kwa jina la Mungu nao wanamjibu vivyo hivyo. Anauliza yule msichana ni wa nani. Anamwambia asiende shamba lingine, na akiona kiu anywe kwenye mitungi ya watu wake. Vijana ameshawaonya wasimguse. Wakati wa kula anamketisha pamoja na wavunaji na kumpa bisi, anakula mpaka anashiba na kubakiza. Halafu, Ruthu akiwa ameinuka kwenda kuokota, Boazi anawaambia vijana kitu ambacho kila nikikisoma kinanigusa: chomoeni masuke kutoka kwenye miganda, myaangushe kwa makusudi, wala msimkemee. Kwa hiyo Ruthu haambiwi kwamba anapewa msaada. Anaokota. Jioni anapiga alichookota na kupata efa moja ya shayiri. Makadirio ya kawaida ni lita 22 hivi, zaidi kidogo ya debe. Mwokotaji hapati debe kwa siku moja bila mtu kuwa amemwangushia.

Baadaye kuna usiku wa kiwanja cha kupuria, Boazi amelala kwenye mwisho wa chungu ya nafaka kama wakulima wanavyolala wakilinda mavuno, na Ruthu anamwomba amkomboe, yaani amwoe akiwa jamaa ya marehemu. Kulikuwa na ndugu wa karibu zaidi yake mwenye haki ya kwanza. Boazi anamsubiri langoni mwa mji, anaketisha wazee kumi kama mashahidi, na yule ndugu, akisikia kwamba pamoja na shamba la marehemu mume wa Naomi kuna mjane wa Kimoabu, anajitoa na kuvua kiatu chake kama ishara. Kiebrania hakimtaji jina. Boazi anamwita *peloni almoni*, yaani fulani. Neno letu "fulani" lilitujia kutoka Kiarabu, nalo ni jamaa ya *peloni* huyohuyo. Yule aliyeogopa kuharibu urithi wake amebaki kuwa Fulani miaka yote hii.

Boazi na Ruthu walimzaa Obedi, Obedi akamzaa Yese, Yese akamzaa Daudi. Mathayo 1:5 inaongeza jambo moja ambalo watu hulipita: mama yake Boazi ni Rahabu. Kama ni yule wa Yeriko, basi huyu mwenye shamba naye alilelewa na mwanamke wa kigeni aliyepokelewa na Israeli. Ndiyo maana, nafikiri, hakumshangaa Mmoabu shambani kwake.

Hii ndiyo sababu ya jina. Nguvu ya Boazi inaonekana kwenye masuke yaliyoangushwa, na hiyo ndiyo nguvu niliyotaka mwanangu aitwe kwayo.

Kanisani wasichana wanaambiwa "ngoja Boazi wako". Si jina la bwana tajiri?

Nimelisikia hilo kwenye semina nyingi za vijana, na linanisumbua. Boazi amegeuzwa kuwa mwanamume mwenye gari na kiwanja, na Ruthu kuwa msichana aliyetulia nyumbani akimngoja. Ruthu hakungoja. Alitoka asubuhi kwenda kutafuta chakula cha wawili, na usiku ule wa kiwanjani ni yeye aliyesema neno la ndoa kwanza.

Ni kweli Boazi alikuwa na mali. Kiebrania kinamwita *gibbor hayil*, maneno yanayobeba uwezo, heshima na ushujaa kwa pamoja. Lakini jioni ile Naomi aliuliza mkwewe ameokota wapi, akambariki yule aliyemjali. Wala hakuuliza ana ekari ngapi.

Mwanangu akikua, pengine watamwambia kwa mzaha yeye ndiye Boazi wa fulani. Nitakachomfundisha ni kuangusha masuke.

Alikuwa mzee?

Biblia haitaji umri. Anamsifu Ruthu kwa kutokufuata vijana, ndiyo maana watu humwona kuwa mtu mzima. Mapokeo ya Kiyahudi katika Ruthu Raba yanampa miaka 80. Talmudi nayo inasema ndiye yule Ibzani, mwamuzi wa Bethlehemu katika kitabu cha Waamuzi. Hayo ni mapokeo, yasome kama mapokeo.

Nimeambiwa ni jina la Freemason. Je, ni kweli?

Swali hili huja kwa sauti ya chini, na mara nyingi linatoka kwa mtu anayempenda mtoto, kwa hiyo nalijibu kwa heshima.

Sulemani alipojenga hekalu Yerusalemu, fundi Hiramu wa Tiro, mtoto wa mjane, alimsubia nguzo mbili za shaba na kuzisimamisha mbele ya ukumbi. Kwa mujibu wa 1 Wafalme 7, kila moja ilikuwa na urefu wa dhiraa 18, karibu mita 8. Ya kuume iliitwa Yakini, ya kushoto Boazi. Zilisimama hapo mpaka Wababeli walipoliangamiza hekalu mwaka 586 kabla ya Kristo, wakazivunja na kuichukua shaba.

Freemason walianza kujipanga chini ya loji kuu London mwaka 1717. Walipenda sana habari za ujenzi wa hekalu la Sulemani, wakaingiza majina ya nguzo hizo mbili katika taratibu zao. Basi. Walilikuta jina limeshakuwa na umri wa zaidi ya miaka elfu mbili, likisomwa katika sinagogi na kanisa. Wayahudi wengi husoma kitabu cha Ruthu kila mwaka kwenye Sikukuu ya Majuma, na jina hilo linasikika bila mtu kushtuka. Kama tungeacha kila neno la Biblia ambalo kikundi fulani kimelitumia, tusingebaki hata na Sulemani mwenyewe.

Ni jina adimu kiasi gani?

Inategemea umesimama wapi.

Israeli ni jina la kawaida, kila mtu analifahamu. Mmoja wao, mwimbaji Boaz Mauda, aliiwakilisha nchi hiyo kwenye Eurovision mwaka 2008 akashika nafasi ya 9. Uingereza na Marekani liliingia pamoja na desturi ya Waprotestanti ya kuokota majina katika Agano la Kale, lakini halikupata kamwe umaarufu wa Samweli au Danieli. Huko Marekani kuna hata mji unaoitwa Boaz, katika jimbo la Alabama. Yupo mwongozaji filamu Mmarekani, aliyezaliwa 1966, anayeitwa Boaz Yakin. Nguzo zote mbili za Sulemani, mtu mmoja.

Nje ya hapo linaibuka penye Wakristo wanaosoma Agano la Kale kwa bidii. Indonesia, mshambuliaji Boaz Solossa, mzaliwa wa Sorong upande wa Papua, amekuwa nahodha wa timu ya taifa. Na jirani zetu Wakenya wanalijua jina hili vizuri kuliko sisi Watanzania: Boaz Lalang alishinda dhahabu ya mita 800 kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Delhi, mwaka 2010. Nilipojifungua, hilo ndilo nililomtajia shemeji yangu aliyesema hajawahi kumsikia mtu mzima mwenye jina hilo.

Ukitaka kupima jina kwa tarakimu, Marekani mamlaka ya hifadhi ya jamii hutoa kila mwaka orodha ya majina ya watoto, ila jina lililopewa watoto wasiofika 5 haliandikwi. England na Wales mpaka wao ni 3. Kwetu kipimo changu ni daftari la mahudhurio: darasani kwa mwanangu wamo Ibrahimu watatu, Boazi mmoja.

Niandike Boaz, Boazi au Boas?

Chagua moja siku ya kwanza na ulilinde.

Biblia ya Kiswahili ya Union ya mwaka 1952 inaandika Boazi, kama inavyoandika Obedi na Salmoni, kwa sababu Kiswahili kinapenda neno liishie kwenye irabu. Wengi Kenya wanaandika Boaz. Boas ni tahajia ya Kijerumani. Kigiriki na Kilatini zilikuwa na Booz.

Mimi nilijifunza kwa machungu. Hospitali waliandika Boazi kwenye tangazo la kizazi. Ofisi moja ikaliandika Boas kwenye karatasi nyingine, mimi nikaweka kwenye bahasha bila kusoma, mtoto mgongoni, jua la saa nane. Tuligundua miaka mitano baadaye wakati wa kumwandikisha shule. Kiapo mbele ya wakili, barua ya serikali ya mtaa, nauli mara tatu, na mtu wa dirishani akiniuliza kama hawa ni watoto wawili. Ninachokuomba: kabla hujaondoka dirishani, soma herufi moja moja kwa sauti. B, O, A, Z, I. Herufi ya Z ndiyo wanayoikosea zaidi.

Linatamkwaje?

Kwa Kiswahili mkazo unakaa kwenye A: bo-A-zi. Waebrania wanaweka mkazo mwanzoni, BO-az, na katikati ipo ayin, ile sauti ya kooni ambayo watoto wa madrasa wanaijua kama ain. Waisraeli wengi wa leo hawaitamki tena, lakini Wayahudi wenye asili ya Yemeni wameitunza. Usikubali "Bwazi".

Watoto wenzake hawatamtania na neno "kuboa"?

Watamtania. Darasa la kwanza mwanangu alirudi akiwa ameinamisha kichwa: "Mama, wanasema Boazi anaboa." Baba yake alimpakata, akamwambia kisa chote cha shamba mpaka mwisho, pamoja na yule Fulani. Kesho yake aliyemtania zaidi akapewa jina. Mwanangu alimwita Fulani wiki nzima, mpaka mwalimu akaingilia kati na mimi nikaitwa shuleni. Nilimkanya, kwa sababu hilo silo tulilomfundishia kisa kile. Utani wenyewe uliisha baada ya mwezi. Ufupisho mzuri nyumbani ni Bo, au Azi kama anavyomwita shangazi yake.

Padri atakubali kumbatiza kwa jina hili? Na sisi Waislamu je?

Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983, kanuni ya 855, inawataka wazazi, wasimamizi na paroko waangalie jina lisiwe geni kwa hisia za Kikristo. Mtu aliyemo kwenye ukoo wa Yesu hawezi kuwa mgeni. Mwonyeshe Mathayo 1:5.

Boazi hatajwi ndani ya Kurani, ingawa kitukuu wake Daudi anatajwa. Rafiki yangu wa Kilwa alilipenda jina kwa ajili ya maana yake, akaishia kumwita mwanawe Abdulazizi. Mzizi ni uleule, na watoto wetu wanajua kwamba majina yao ni ndugu.

Mdogo wake nimpe jina gani?

Obedi linakaa vizuri sana, maana yake mtumishi, na Yese pia. Wa kike, Naomi; Ruthu mimi naliona linafaa kwa mkwe kuliko kwa dada, ila hayo ni maoni yangu. Mapacha wa kiume kuna waliofikiria Yakini na Boazi. Hapo ujue jambo moja: Yakini ya nguzo ni Kiebrania, "atathibitisha", wala si ileile "yakini" yetu iliyotoka Kiarabu, hata kama zinasikika sawa na maana zinakaribiana. Haizuii kitu. Mtoto mwenye jina linaloeleweka kwa lugha mbili amepata nyongeza.

Sisi wa pili ni wa kike. Tumemwita Naomi, na mama mkwe hakuhitaji kuelezwa.